Gharama ya Kuaminiwa: Kilimo Hai cha Nchi za Wenzetu na Pilipili Manga ya Muheza

Hotuba kwa wakulima wa viungo na mboga, maafisa ugani na wafanyabiashara, Tanga mjini

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu wa Muheza na Lushoto, maafisa ugani, ndugu wafanyabiashara, mabibi na mabwana: shikamooni mnaostahili shikamoo, na waliosalia hamjambo.

Niliombwa nieleze namna nchi mbalimbali zilivyokuza kilimo hai, na aliyeniomba akaongeza kwa upole kwamba nisikae Ulaya muda mrefu nikasahau kurudi. Nimemwelewa. Kwa hiyo nitaanzia hapa nyumbani, nitoke, kisha nirejee kabla chai haijapoa.

Miaka ile nikiwa bado bwana shamba katika tarafa ya Amani, kikundi kimoja cha wakulima wa pilipili manga kilikaguliwa, kikaonekana kinafaa, na cheti cha kilimo hai kikatoka. Tulifurahi sana. Msimu uliofuata kampuni iliyokuwa ikinunua ikachelewa, mvua zikakaribia, ada za watoto zikawa zinadaiwa, na magunia ya pilipili yakawa yamejaa hadi vyumba vya kulala. Akatokea mnunuzi mwingine, fedha mkononi, tayari kulipa bei ya kilimo hai, akauliza swali moja tu: cheti kiko wapi? Viongozi wa kikundi wakanitazama, nami nikawatazama wao, kwa sababu cheti kilikuwa kimeandikwa kwa jina la kampuni, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyomlipa mkaguzi. Pilipili ileile, iliyochumwa kwenye miti ileile, ikauzwa siku ile kwa bei ya pilipili ya kawaida.

Tangu siku hiyo, kila ninaposoma habari za kilimo hai cha nchi fulani, huwa sianzi na hekta wala na idadi ya wakulima. Natafuta kwanza ni nani aliyelipia ushahidi kwamba zao hilo ni la kilimo hai, maana aliyelipia ushahidi ndiye anayeondoka na faida yake. Hilo ndilo nitakalolifuatilia leo kutoka nchi hadi nchi.

Lakini kabla ya kusafiri, tukubaliane juu ya maana. Wapo wanaosema kwamba sisi Usambara tulikuwa wakulima wa kilimo hai tangu enzi za mababu, kwa kuwa hatukutia mbolea ya kiwandani. Kauli hiyo inapendeza masikioni, ila ina kasoro. Mkulima asiyetia kitu shambani kwa sababu hana fedha ya kununua kitu hajawa mkulima wa kilimo hai. Ni mkulima asiye na fedha, na udongo wake unachoka mwaka hadi mwaka. Kilimo hai ni kazi ya makusudi: kutengeneza mboji, kubadilisha mazao, kupanda jamii ya kunde, kulinda kivuli na wadudu rafiki, kuzuia mmomonyoko, na pamoja na hayo yote kuandika kumbukumbu ambazo mtu asiyekujua anaweza kuzisoma akakuamini. Kwa mazao ya kudumu kama karafuu, iliki na pilipili manga, kanuni za Ulaya zinataka miaka 3 ya kipindi cha mpito kabla ya mavuno ya kwanza kuitwa ya kilimo hai, na Marekani nayo inataka miaka 3 tangu kitu kilichokatazwa kitiwe shambani mara ya mwisho. Miaka hiyo mkulima anafuata masharti yote na bado anauza kwa bei ya kawaida, kwa hiyo gharama inaanza mapema kuliko faida.

Sasa twende Denmark. Mwaka 1987 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kilimo hai, mojawapo ya sheria za mwanzo kabisa duniani za namna hiyo, na muda mfupi baadaye ikaja alama nyekundu yenye herufi Ø inayoonyesha kwamba ukaguzi umefanywa na dola yenyewe. Tazameni jambo hili kwa makini. Kwao mkaguzi hakuajiriwa na mnunuzi wala hakulipwa na mkulima mmoja mmoja, bali alikuwa mtumishi wa umma, na gharama ya kuaminiwa ikabebwa na walipa kodi wote kama inavyobebwa gharama ya polisi au ya mizani sokoni. Mwaka 1993 mtandao mkubwa wa maduka ya ushirika ukashusha bei za bidhaa za kilimo hai na kuzitangaza kwa nguvu, maziwa yakatangulia, na wateja wakaongezeka kwa kasi. Leo Denmark ni miongoni mwa nchi ambazo wananchi wake wenyewe hula sehemu kubwa zaidi ya chakula cha namna hiyo duniani, zaidi ya asilimia 10 ya mauzo ya chakula madukani.

Jambo ninalolipenda zaidi katika habari za Denmark, hata hivyo, halikutokea bungeni bali jikoni. Jiji la Copenhagen liliamua kwamba chakula kinachopikwa katika shule zake za awali, nyumba za wazee na majiko mengine ya jiji kitokane na kilimo hai kwa asilimia 90 ifikapo mwaka 2015. Watu wakauliza fedha zitatoka wapi, kwani bajeti ya chakula haikuongezwa kwa kiwango cha kulipia tofauti ya bei. Jibu likapatikana kwa wapishi. Walifundishwa upya kupika kwa mboga za msimu, kupunguza nyama, kuoka mkate wenyewe badala ya kununua, na kupima makapi yanayotupwa ili yapungue. Fedha iliyookolewa kwenye chakula kilichokuwa kikitupwa ndiyo iliyonunua mboga za bei ya juu. Jiji likafikia karibu kabisa na lengo lake. Hapo mkulima wa Denmark akapata mnunuzi asiyehama, anayekula kila siku ya wiki, naye si mwingine bali mtoto wa jirani yake.

Austria nitaipitia haraka. Zaidi ya robo ya ardhi yake ya kilimo ni ya kilimo hai, na wengi wa wakulima wake wako milimani ambako matrekta makubwa hayafiki, kama baadhi yetu hapa. Walipewa ruzuku kwa kila hekta, hasa baada ya nchi hiyo kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995, na maduka makubwa yakaingia sokoni mapema. Fedha ilikuwepo, na sisi hatuna fedha ya namna hiyo, kwa hiyo sioni faida ya kukaa Austria tukimezea mate ruzuku za watu.

Munich, jiji la Ujerumani, ni habari nyingine, na naomba watu wa mamlaka ya maji walioko ukumbini wasisinzie hapa. Jiji hilo hupata sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa kutoka bonde la Mangfall. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la huduma la jiji liliona kwamba mbolea na viuatilifu vya mashamba ya bonde lile vitaharibu maji, na badala ya kujiandaa kujenga mitambo ya gharama ya kuyasafisha, likawaendea wakulima na kuwaambia: mkihamia kilimo hai tutawalipa kwa kila hekta, na tutawasaidia kutafuta soko la maziwa na nyama yenu mjini. Wakulima wengi walikubali. Mnywaji wa maji wa Munich akawa anamlipa mkulima asiyemjua kwa sababu maji yanayotoka bombani mwake yanapita kwenye shamba la mkulima yule.

Na sisi maji yetu yanatoka wapi? Yanatoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, ukapita katikati ya mashamba ya iliki, karafuu na mdalasini, ukaingia bwawa la Mabayani, na kutoka hapo yanafika kwenye glasi hizi zilizo mbele yenu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya kwanza ya aina yake kwa mamlaka ya maji nchini, ili kupanua huduma na kulinda chanzo. Kule juu wakulima wanaohifadhi mazingira wamekwisha kujipanga katika umoja wao wa bonde la Kihuhwi na Zigi. Kwa hiyo wazo la kwamba mnywaji wa maji wa Chumbageni hapa mjini ana deni kwa mkulima wa Amani si geni hapa. Linalokosekana ni kuliunganisha deni hilo na kilimo hai chenye ukaguzi, kwa sababu kipande cha fedha za maji kinaweza kulipia mkaguzi ambaye leo analipwa na mnunuzi wa ng'ambo, na mkaguzi akilipwa na umma wa Tanga, cheti kitaandikwa kwa jina la wakulima.

Ninajua kuna watakaosema kwamba hizo ni nchi tajiri. Basi twendeni Tunisia. Mwaka 1999 nchi hiyo ilitunga sheria ya kilimo hai, ikaanzisha kituo cha utafiti wa kilimo hicho huko Chott Mariem, na serikali ikabeba sehemu kubwa ya gharama za ukaguzi kwa miaka ya mwanzo ya mkulima. Mafuta ya zeituni yakawa nguzo, na kufikia mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliutambua mfumo wa Tunisia kuwa unalingana na wa kwake. Hata Marekani, ambayo hatuihesabu kama nchi ya kuwabembeleza wakulima wadogo, ina mpango wa kumrudishia mkulima hadi asilimia 75 ya gharama ya cheti kwa kiwango cha juu kilichowekwa. Gharama ya ukaguzi ni kitu ambacho hata matajiri wamekiri kwamba mkulima hawezi kuibeba peke yake.

Brazil ilikwenda njia tofauti, na nadhani ndiyo inayotufaa zaidi. Kusini mwa nchi hiyo vikundi vya wakulima wa familia vilichoka kulipa wakaguzi wa nje, na mwaka 1998 vikaunda mtandao unaoitwa Ecovida, ambamo wakulima wanakaguana wenyewe: kikundi kinatembelea mashamba ya kikundi kingine, walaji na wataalamu wakiwemo, kumbukumbu zinasomwa hadharani, na mmoja akidanganya wote wanapoteza haki ya kutumia alama. Mtu wa nje anaweza kuuliza kama jirani hatamficha jirani. Mimi nimeishi kijijini, na ninawaambia kwamba mkaguzi wa kutoka mbali anayekuja siku moja kwa gari anaona kile alichotayarishiwa, lakini jirani anajua ni usiku gani ulibeba bomba la kupulizia. Sheria ya Brazil ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zilizofuata mwaka 2007, ikalipa ukaguzi shirikishi hadhi sawa na cheti cha kampuni, na ikawaruhusu wakulima wadogo wanaouza moja kwa moja kwa mlaji kufanya hivyo bila cheti, mradi wamo katika kikundi kilichosajiliwa serikalini.

Wabrazili hawakuishia hapo. Sheria yao ya chakula cha shuleni ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula hicho zinunue kwa wakulima wa familia, na bidhaa za kilimo hai zinaweza kulipiwa hadi asilimia 30 zaidi ya bei ya kawaida. Alama bila mnunuzi ni pambo. Wao walitoa vyote viwili.

Sasa niwaambie habari ya Sri Lanka, kwa kuwa hutajwa kila mara na watu wasioupenda mwelekeo huu, na hutajwa nusu nusu. Mwezi Aprili mwaka 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alipiga marufuku uingizaji wa mbolea za kemikali na viuatilifu, nchi nzima, kwa mara moja. Wakulima hawakuwa na mboji ya kutosha, hawakuwa na mafunzo, na mpunga uliozoea mbolea ya chumvichumvi kwa miongo mingi hauwezi kujifunza tabia mpya kwa amri ya rais. Mavuno ya mpunga na chai yakaporomoka, nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikalazimika kuagiza, na Novemba mwaka huohuo amri ikafutwa. Wengine husema kilimo hai ndicho kilichoangusha nchi ile. Mimi sikubaliani, kwani nchi ilikuwa tayari haina fedha za kigeni, na kubana matumizi ya fedha hizo kulikuwa na nguvu katika uamuzi ule. Lakini sitaki pia kuutetea uamuzi wenyewe. Gharama yote ya mpito alitwishwa mkulima, katika msimu mmoja, bila kuulizwa.

Linganisheni na Sikkim, jimbo dogo la India lililoko milimani. Tangazo lilitolewa katika baraza la kutunga sheria mwaka 2003, wakati wa Waziri Kiongozi Pawan Kumar Chamling. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua, vijiji vikafundishwa kutengeneza mboji, wakaguzi wakalipwa na serikali, na mwanzoni mwa 2016, miaka 13 baadaye, jimbo likatangazwa kuwa la kilimo hai lote, takriban hekta 75,000. Zao lao kubwa la fedha, kama mnavyoweza kukisia, ni iliki. Hata hivyo si kila kitu kilinyooka, kwa maana mboga za bei rahisi kutoka tambarare ziliendelea kupanda mlima, na wakulima wakalalamika kwamba jina limepaa kuliko bei. Miaka 13 ilitosha kubadilisha mashamba, lakini haikutosha kubadilisha soko.

Na sisi wa Afrika Mashariki? Uganda na Tanzania zimo miongoni mwa nchi za Afrika zenye wakulima wengi zaidi waliosajiliwa katika kilimo hai. Mlango ulifunguliwa miaka ya 1990, pamba ikiwa mbele, kule Lango kwa Uganda na Meatu kwetu, na kuanzia 1997 hadi 2008 mradi uliogharimiwa na Sweden ukazisaidia kampuni za kusafirisha nje kupanga vikundi, kufundisha wakaguzi wa ndani na kupata vyeti. Kazi ilikuwa nzuri, na watu wengi walipata bei bora. Ila muundo wenyewe ulimweka msafirishaji katikati, naye akashika cheti, na kijiji kikawa kama mfanyakazi wa kibarua katika shamba lake chenyewe. Ndiyo hadithi yangu ya pilipili manga.

Vifaa vya kutoka hapo tunavyo. Chama cha kilimo hai nchini, TOAM, kilianzishwa mwaka 2005. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha bidhaa za kilimo hai, pamoja na alama ya Kilimohai ambayo vikundi vinaweza kuipata kwa ukaguzi shirikishi. Mwezi Novemba mwaka 2023 Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo hai unaokwenda hadi 2030. Wakati huohuo ruzuku ya mbolea za viwandani ilirudi kuanzia msimu wa 2022/2023, nami siipingi, kwa kuwa mkulima wa mahindi wa Handeni anaihitaji, lakini mwenye iliki kule Zirai asiyetia mbolea hiyo haonji hata senti yake. Fedha ya umma ikimfikia jirani kwa mfuko wa mbolea, si dhambi kumfikia yeye kwa ada ya mkaguzi.

Kuna habari ya karibuni zaidi inayotubana. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 1 Januari 2022 huku nchi za nje zikipewa muda wa mpito, inataka kikundi chenyewe kiwe chombo kinachotambulika kisheria, kisizidi wanachama 2,000, kiwe na mfumo wake wa udhibiti wa ndani na mauzo ya pamoja. Shamba la mwanachama lisizidi hekta 5, au kama linazidi, mauzo yake na uzito wa ada ya cheti viwe ndani ya mipaka iliyowekwa. Mkaguzi wa nje atarudia kukagua angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, wasiopungua 10, na sampuli zitachukuliwa kwa angalau asilimia 2 yao. Wasafirishaji wengi wanailalamikia kanuni hii, na kweli ina mzigo. Mimi naiona kama mlango, kwa sababu kwa mara ya kwanza mnunuzi mkubwa wa viungo vyetu anasema cheti kiwe cha wakulima. Swali ni nani atalipia, na kama jibu litakuwa msafirishaji yuleyule, basi tutabadilisha jina kwenye karatasi na mkataba utabaki ulivyokuwa.

Tanga inakijua kisa hiki kuliko mikoa mingine. Mkonge uliletwa hapa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia, wanunuzi wa mbali wakabadilisha mawazo, na wengi wenu mmekulia karibu na majumba matupu ya yale mashamba. Zao ambalo hakuna anayelihitaji nyumbani lina mnunuzi mmoja tu, na siku akiondoka huaga kwa barua.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani walioko hapa ni dogo. Machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto na maharage ya vikundi vyenye alama ya Kilimohai yapate nafasi katika chakula cha shule za jiji, kwa kuanzia na shule chache ambazo wazazi wake wanachangia chakula tayari, na wapishi wa shule hizo wafundishwe kama walivyofundishwa wale wa Copenhagen. Sioni haja ya tamasha la uzinduzi. Na mamlaka ya maji ikae na umoja wa wakulima wa Zigi ili ada ya ukaguzi wa mwaka mmoja ihesabiwe kwa shilingi, mbele ya watu wote, kabla ya msimu ujao wa pilipili.

Kwenu wakulima nina neno moja lisilopendeza. Nimeona pilipili manga ya kilimo hai ikitiwa katika magunia yaliyobeba mbolea ya kiwandani, kwa sababu gunia jipya lina bei. Nimeiona ikianikwa kando ya barabara, juu ya turubai lililotumika kuchanganyia dawa ya mahindi. Maabara ya Ulaya haijui kwamba hukutia dawa shambani. Inajua kilichomo kwenye punje. Kikundi kitakachomiliki cheti chake kitabidi pia kimiliki aibu ya namna hiyo, na pengine kununua magunia mapya kwa pamoja kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuingie kwenye maswali, na nitaanza na mzee wa Zirai, ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja magunia.